Mwisho wa Mgeni Mjini

Kariakoo ilipata jina lake kwa wapagazi. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walikuwa na kikosi cha wachukuzi, Carrier Corps, na ndimi zetu zikaligeuza jina hilo. Hata leo mizigo ya pale hubebwa kwa vichwa na mikokoteni, na wabebaji wengi wametoka mikoani kutafuta maisha. Baadhi yao hulala kwenye baraza za maduka, juu ya maboksi.

Miaka kadhaa iliyopita niliandika hadithi ya kijana wa namna hiyo. Anatoka kijijini, anakosa kazi, anaiba, anauawa na wananchi wenye hasira. Nilimsomea mbeba mizigo mmoja wa Mtaa wa Kongo. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Mzee, mbona umemwua?" Nikamjibu kwamba nilitaka kuonyesha ubaya wa umaskini. Akasema, "Mimi nalala hapa mwaka wa tatu. Mdogo wangu anasoma kwa hela ya mgongo huu."

Nilikosa jibu. Je, ndugu msomaji, huruma inayomwua maskini ili tumlilie ni huruma? Hadithi zetu nyingi zimeufanya mji kuwa shimo: mgeni hutumbukia, na anayeokoka hurudi kijijini. Wazo hilohilo lilikuwamo katika operesheni ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983, watu walipokamatwa Dar es Salaam kwa kuitwa wazururaji na kupelekwa mashambani. Sisemi kwamba hadithi ndizo zilizowakamata. Nasema kwamba aliyekwisha kuamini kuwa mgeni hana mwisho mwingine, haoni vibaya mgeni huyo akifukuzwa.

Mtu atasema kwamba asiye na makazi anateseka kweli, tusimpambe. Ni kweli. Kumchora akichekelea njaa ni uongo vilevile. Lakini katika riwaya yake Kuli (1979), Shafi Adam Shafi alipita njia nyingine. Makuli wa bandari ya Unguja wanaumia, na mizigo inaua. Ila wanafikiri, wanajua thamani ya jasho lao, na mwaka 1948 wanagoma. Dhiki yao ina sababu, nao wana akili ya kuiona.

Hadithi yangu sijaichapisha. Kila nikitaka kubadili mwisho wake, nakumbuka kwamba sikumwuliza yule kijana anamlipa nani ili alale barazani, wala fedha zake anazificha wapi usiku. Nilijua atakavyokufa kabla sijajua anavyoishi.