Kukosa na Kukataa

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Msemo huu tumekua nao kana kwamba ni wa huruma, na kila ninapousikia hubaki na swali lilelile: kwani lazima anyongwe kwanza? Msemo haukatazi kunyonga. Unaruhusu, kisha unaagiza malipo. Wajuzi wa asili ya maneno na wabishane kama mnyonge na kunyonga ni ndugu wa damu au ni majirani tu; sikio la Mswahili halina ubishi huo. Likisikia "mnyonge" linajua kuna mkono uliopita shingoni.

Nauleta msemo huu kwa sababu ya orodha moja iliyoko mbali nasi, huko India, ingawa mwishoni tutaona si mbali kama inavyodhaniwa. Kwa sensa ya mwaka 2011, nchi ile ina watu zaidi ya milioni 104 wanaohesabiwa kuwa wa makabila ya asili. Wengi wao hujiita Adivasi, wenyeji wa mwanzo. Ndani ya umma huo serikali imeyachagua makabila 75 ikayaandika peke yake, kama wanyonge kuliko wanyonge. Orodha ilianza mwaka 1975 ikiwa na makabila 52, na mwaka 1993 yakaongezwa mengine 23. Jina lake la kwanza lilikuwa la dharau: makabila ya kale, kwa maana ya watu waliobaki nyuma wakati dunia imeshaondoka. Mwaka 2006 dharau ikafutwa, yakaitwa makabila yaliyo katika hatari ya pekee. Jina likabadilika, vipimo vikabaki vilevile.

Vipimo ni vinne. Ufundi wa kazi ambao haujafikia kilimo. Uchache wa wanaojua kusoma na kuandika. Uduni wa uchumi. Idadi ya watu inayopungua au iliyosimama palepale. Visome tena taratibu. Vyote vinauliza watu hawa wamekosa nini. Hakuna hata kimoja kinachouliza nani alichukua.

Kiswahili kimelipa neno kukosa maana mbili ambazo lugha nyingine huzitenga. Aliyekosa chakula hana chakula. Aliyemkosa mzazi wake ametenda kosa. Sijui kama wazee waliounda lugha walikusudia, lakini historia ya Walodha wa Bengal Magharibi na Odisha imelifuata neno hilo hatua kwa hatua. Chini ya Waingereza, kwa sheria iliyoanza mwaka 1871, kabila zima liliweza kutangazwa kuwa la wahalifu, mtoto akazaliwa akiwa tayari anatazamwa na polisi. Walodha waliingizwa humo. Mwaka 1952 India huru ikayaondolea makabila hayo hati ya uhalifu, na baadaye Walodha wakaonekana kwenye orodha yetu hii, safari hii kama watu wasio na kitu. Jana wakosaji, leo wakosefu. Kitenzi ni kimoja, na katika zama zote mbili mtazamaji alikuwa ofisa mwenye daftari.

Hoja yangu ni kwamba daftari la namna hiyo haliwezi kutofautisha kukosa na kukataa. Ukimtazama kwa mbali mtu asiye na viatu, humjui kama hana au hataki. Kukosa kunahesabika hata mhusika akiwa kimya. Kukataa hakuhesabiki, mpaka umsikilize mtu, na kabla ya kumsikiliza ukubali kwamba hapo yupo mtu mwenye kauli.

Chukua kipimo cha kwanza. Wabaiga wa Madhya Pradesh na Chhattisgarh walilima kwa njia waitayo bewar: hufyeka kichaka, hukichoma, hupanda mbegu za namna nyingi katika majivu, kisha baada ya misimu michache huhamia kwingine na kuuachia msitu kazi ya kujirudisha. Plau waliijua. Majirani zao walikuwa nayo. Waliikataa kwa sababu ardhi ni mama, na kumpasua mama kifua kwa chuma ni jambo asilolifanya mwana. Unaweza kuicheka hoja hiyo, au kuijibu kwa hoja ya mavuno. Huwezi kusema hakuna hoja. Waingereza, waliokuwa wanaupigia msitu hesabu ya mbao, walipiga marufuku bewar sehemu nyingi, na mwaka 1890 wakawatengea Wabaiga eneo moja, Baiga Chak, walime huko mtindo wao. Hapo uamuzi wa watu ukageuzwa kuwa hatua ya ngazi: hawajafika kwenye kilimo. Neno "hawajafika" lina ujanja wake. Linachukulia kwamba njia ni moja, na kwamba mwenye daftari ameshafika.

Kipimo cha nne kinanitisha zaidi, kwa kuwa kimepenya hadi chumba cha kulala. Mwaka 1979 serikali ya Madhya Pradesh ilitoa amri kwamba watu wa makabila haya, Wabaiga wakiwamo, wasifungwe kizazi. Nia ilionekana njema: idadi yao inapungua, tusiipunguze zaidi. Basi mwanamke wa Kibaiga mwenye watoto anaowaona wanamtosha alipofika hospitali ya serikali kuomba huduma ambayo jirani yake wa kabila jingine aliipata, alirudishwa. Tumbo lake lilikuwa mali ya takwimu. Wanawake wenyewe walikuwa miongoni mwa waliokwenda mahakamani, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Chhattisgarh ikaliondoa zuio hilo. Hapo ulinzi ulikuwa mnyongo wa pili, na mwenye kulinda hakujua, maana orodha yake ilikuwa na safu ya idadi bila safu ya "wasemaje wenyewe".

Tuvuke bahari kidogo. Katika kisiwa cha Sentinel Kaskazini, visiwani Andaman, wapo watu ambao sensa ya 2011 iliwahesabu kwa kutazama kutoka chomboni. Iliandika 15, yaani wale walioonekana ufukoni. Miaka saba nyuma, baada ya tsunami ya Desemba 2004, helikopta ilipita juu ya kisiwa kuangalia kama kuna aliyesalimika. Mtu mmoja akatoka akaielekezea mshale. Picha yake ilienea duniani, na wengi waliiona kama picha ya ushenzi: watu wasiojua hata msaada. Lakini kisiwa kina kumbukumbu. Mwaka 1880 ofisa wa Kiingereza, Maurice Vidal Portman, aliwachukua watu sita kutoka huko, wazee wawili na watoto wanne, akawapeleka Port Blair. Wote wakaugua upesi. Wazee wakafa; watoto wakarudishwa na zawadi. Na ng'ambo ya maji, Waandaman Wakubwa, waliokuwa maelfu Waingereza walipoweka koloni la wafungwa mwaka 1858, leo ni makumi tu. Mwaka 2010 alifariki bibi Boa Senior, na lugha ya Aka-Bo ikafa naye, kwa kuwa hakubaki mwingine wa kuizungumza. Ukiyajua hayo, mshale ule unaacha kuwa ujinga. Ni jibu, na ni jibu la mtu mwenye habari kuliko rubani.

Serikali ya India, na sifa yake nayo ipewe, imelisikia jibu hilo. Tangu miaka ya 1990 iliacha safari za kupeleka nazi ufukoni, na sheria inawakataza watu kukikaribia kisiwa. Hata hivyo huko kusikiliza ni rahisi kidogo, kwa kuwa kisiwani hakuna bauksiti.

Bauksiti iko Niyamgiri, Odisha. Mlima ule kwa Wadongria Kondh ni makao ya Niyam Raja, mungu wao, na kampuni ya Vedanta ilitaka madini ya juu yake kwa kiwanda chake cha alumina kilichoko chini. Kesi ilifika Mahakama Kuu Kabisa ya India, nayo tarehe 18 Aprili 2013 ikatoa hukumu ambayo kwa maoni yangu ni ya kifalsafa kabla ya kuwa ya kisheria: waulizwe wenyewe, katika mikutano mikuu ya vijiji. Vijiji 12 viliulizwa mwaka ule. Vyote 12 vikasema hapana. Januari 2014 wizara ikaukataa mradi. Kwenye daftari la vipimo vinne Wadongria ni walewale, hawana hiki wala kile. Ndani ya mikutano ile 12 walikuwa raia wenye kauli, na kauli ikashinda kiwanda. Hawakuwa wamepata shule mpya katikati. Walikuwa wameulizwa tu.

Najua nitakapokatizwa. Utasema ni rahisi kusifia kukataa ukiwa umeshiba, una dawa kabatini na taa ukutani. Ni kweli, na silikimbii. Wasahariya wa Madhya Pradesh wana njaa ya kweli na kifua kikuu cha kweli. Hakuna falsafa ya kumpa mtoto mwenye utapiamlo. Mwaka 2023 serikali ya India ilianzisha mpango mkubwa wa nyumba, maji, barabara na umeme kwa makabila yote 75, na anayetaka bomba la maji hana sababu ya kulikataa ili kumfurahisha mwandishi wa insha. Kukataa si wajibu wa mnyonge. Kutaka nako ni kauli. Ninachopinga ni kumjengea mtu barabara iliyochorwa bila yeye, kisha kumwita mkaidi asipoitumia.

Wasiddi wanalijua hili. Ndiyo, Wasiddi: watu wenye asili ya Afrika, wazao wa watumwa, mabaharia na askari waliovuka Bahari ya Hindi kwa karne nyingi, baadhi yao kutoka pwani hii yetu. Wale wa Gujarat wamo katika orodha ya 75. Dansi yao huitwa goma, na sina haja ya kumweleza msomaji wa Kiswahili imetoka wapi. Miaka ya 1980 mamlaka ya michezo ya India iliwakusanya vijana wa Kisiddi ifundishe wakimbiaji, kwa imani kwamba mbio zimo katika damu ya Mwafrika. Hapo hawakuonekana kukosa. Walionekana kuwa na kitu, ila ni kitu walichovishwa na mtazamaji. Baada ya miaka michache mradi ukaachwa. Hirbai Lobi wa kijiji cha Jambur, kwa upande wake, aliwaunganisha wanawake wenzake wakatengeneza mbolea na kuweka akiba, jambo walilolitaka wenyewe, na mwaka 2023 akapewa nishani ya Padma Shri.

Jambur iko kando ya msitu wa Gir, walikobaki simba wa mwituni wa mwisho barani Asia. Wataalamu waliona ni hatari simba wote kukaa mahali pamoja, wakachagua makazi ya pili: Kuno, Madhya Pradesh, katika nchi ya Wasahariya. Vijiji 24, wakazi wake wengi wakiwa Wasahariya hao hao, vikahamishwa kuwapisha simba. Gujarat ikakataa kutoa simba wake, na kukataa kwake kulisikika vizuri sana. Hata amri ya Mahakama Kuu Kabisa ya Aprili 2013, siku chache kabla ya ile ya Niyamgiri, haikuwatoa. Mwaka 2022 wakaletwa duma kwa ndege kutoka Namibia. Simba wa Gir hawajafika Kuno mpaka leo, na vijiji 24 vilishaondoka.