Kisiwa Kitupu na Mtu wa Peke Yake

Mahali palipohamwa na watu huitwa mahame. Gede, mji uliomezwa na msitu jirani na Watamu, ni mahame: wenyewe waliuacha katika karne ya 17, lakini misikiti, visima na kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 Hijria vingali vinawataja. Hata Kirepwe, kisiwa cha hori ya Mida, kina magofu. Watunzi wa hadithi hutaka kisiwa cha namna nyingine, kisichowahi kukaliwa, ili wamweke hapo mtu mmoja na kuuliza: akiwa peke yake, atamjua Mungu na kutambua wema? Nasema mtu huyo hapatikani. Kila afikaye kisiwani hufika na watu ndani yake. Robinson Crusoe wa Daniel Defoe, katika riwaya ya mwaka 1719, huonekana kuyajenga maisha yake mwenyewe. Kumbe ameopoa merikebuni bunduki, baruti, zana za seremala na Biblia. Waliofua zana hizo na waliomfundisha kusoma wamo naye pale, na hata toba yake inaanzia katika kitabu alichokipokea kwa wengine.

Atakayepinga atamtaja Hayy bin Yaqdhan, aliyetungwa na Ibn Tufayl, mwanafalsafa wa Andalusia wa karne ya 12. Mtoto huyo hakuwa na kitabu wala lugha, akamfikia Muumba kwa akili yake. Pingamizi hili ni zito, ila tuangalie alikoanzia. Alinyonyeshwa na paa. Paa alipokufa, ndipo alipompasua kifua akitafuta kilichomtoka. Elimu yake ilichipuka katika msiba, na hakuna msiba pasipo mapenzi. Baadaye, aliposhindwa kuwaelewesha watu aliyoyajua, alirudi kisiwani akiwa na mwenzake, Absal. Mwingine atasema mitume nao walitafuta upweke, kwani Mtume Muhammad alijitenga katika pango la Hira. Ni kweli, na upweke wa namna hiyo husafisha moyo. Lakini aliyejitenga pale alikuwa amelelewa na mama, babu na ami, na wahyi ulipomshukia aliteremka hadi kwa Bi Khadija, akaomba afunikwe. Basi tusikitafute kisiwani chanzo cha utu. Lugha yetu imelijua hilo siku nyingi: ukiwa ni hali ya mahali pasipo watu, na ukiwa huohuo ni huzuni ya aliyeachwa.