Je, Sheria ya Mtoni Inafunga Dhamiri?

Mtu mmoja wa kazi ya mtumbwi, Mkristu wa siku nyingi, aliuliza hivi: "Serikali inakataza kupakia watu kupita kiasi, inakataza kusafiri usiku, inataka kila abiria avae jile ya kuokolea. Nikikamatwa, ninalipa. Nisipokamatwa, nina dhambi gani ya kuungama?"

Msimcheke. Swali lake ni la zamani, na walimu wa Kanisa wamelijadili sana. Wengine wao walifundisha kwamba ziko sheria za adhabu tu: anayezivunja hakosi mbele ya Mungu, mradi akubali kulipa faini akikamatwa. Walifikiri hasa juu ya ushuru, na kuni zilizokatwa katika msitu wa mfalme. Lakini hata hao hawakusema hivyo pale sheria inapolinda uhai wa mtu. Maana hapo serikali haileti wajibu mpya. Inatuonyesha tu namna ya kushika amri ya tano, ambayo ilikuwapo kabla ya serikali yo yote.

Tazameni yaliyotokea. Tarehe 20 Septemba 2018 feri MV Nyerere ilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, katika Ziwa Victoria. Ilitengenezwa kwa watu 101. Ilibeba zaidi ya mara mbili, na waliokufa walipita 200. Tarehe 3 Oktoba 2024, huku kwetu Kongo, meli iliyotoka Minova ilizama katika Ziwa Kivu, karibu kabisa na bandari ya Kituku, Goma. Ndugu waliokuja kuwapokea wasafiri waliona kwa macho yao. Aseme nani kwamba ni maji tu yaliyowaua?

Huko Uingereza sheria ya 1876 iliwaamuru wenye meli kuchora mstari ubavuni, ili ijulikane mzigo umefika wapi. Lakini iliwaachia wenyewe kuchagua mahali pa kuuchora! Ikabidi kungoja hadi 1890 ndipo serikali ikaweka kipimo chake. Katika mitumbwi ya Lualaba hakuna mstari. Kila mwenye mtumbwi anauchora kwa jicho lake.

Tumsikilize bado. Anasema: "Ukingoni wananidai fedha, niwe na watu kumi au thelathini. Nikipakia kumi, watoto wangu watakula nini?" Ni kweli, na anayemnyang'anya vile ana hesabu yake ya kutoa, pengine kubwa kuliko ya mwenye mtumbwi. Hata hivyo udhalimu aliotendewa hauwezi kulipwa kwa uhai wa mama anayepeleka mihogo sokoni. Na mama huyo, anayelazimisha kuingia na mtoto mgongoni wakati mtumbwi umekwisha jaa, asidhani hana sehemu yake. Vijana wanaotembea mtoni siku ya sikukuu na chupa mkononi, hao sina neno refu nao: hata udhuru wa njaa hawana.

Kuhusu samaki, jambo ni gumu zaidi. Sheria zipo, toka ile ya 21 Aprili 1937 juu ya uwindaji na uvuvi hadi ile ya 9 Julai 2011 juu ya kulinda mazingira. Samaki wengi hutaga katika majani yaliyofunikwa na maji ya mafuriko, na chandarua cha mbu kikikokotwa pale hakibakizi hata kifaranga. Avuaye hivyo anakula leo chakula cha jirani cha mwakani. Hapo tunaingia katika amri ya saba. Lakini Mtakatifu Toma wa Akwino alifundisha kwamba mtu aliye katika shida ya kufa, akichukua kitu cha mwingine ili aokoe uhai, hakuiba. Mama wa Kabambare aliyekimbia vita, akivua vidagaa kwa chandarua ili watoto wake waone kesho, sitamwita mwizi. Mchuuzi anayejaza magunia, ndiyo. Na anayemwaga sumu katika kijito kiingiacho Luama hana ruhusa hata katika shida, kwa kuwa watu wa chini wanateka maji yale yale.

Tumrudie mwenye mtumbwi. Aungame, hata kama siku ile wote walivuka salama, maana alichezea roho za watu akijua. Na kama walizama kwa kosa lake, maungamo hayamalizi deni: yatima wa waliokufa wana haki ya kulishwa naye kadiri ya nguvu zake, hata kama hakuna hakimu aliyemwita.