Neno Lisomwe Lilikoandikwa au Linakoitwa?

Mtu anapotoa neno lake, ni nani mwenye haki ya kusema lina maana gani? Ni yule aliyelitoa, kwa maana za mahali alipokuwa, au ni yule anayelitumia leo, kwa maana za mahali alipo? Swali hili limewasumbua wanafalsafa na wanasheria kwa muda mrefu. Mimi ninasomea sayansi ya kompyuta hapa Uganda, na nimelikuta katika kanuni za Ruby, lugha ya programu ya Yukihiro Matsumoto wa Japani, iliyotolewa kwa umma mwaka 1995. Katika insha hii ninatetea msimamo kwamba neno la ahadi linapaswa kusomwa kwa maana za mahali lilikoandikwa. Nitaeleza pia ni wapi msimamo huo unakoma.

Nianze na istilahi. Jina katika programu ni kama jina la mtu. Ukiita "Juma" nyumbani, kila mtu anajua ni Juma yupi. Ukiita "Juma" sokoni, watageuka watu watano. Eneo ambamo jina lina maana fulani huitwa skopu. Kuna njia mbili kuu za kuamua skopu. Lugha ya Lisp, aliyoianzisha John McCarthy mwaka 1958, katika matoleo yake ya mwanzo ilimfuata mwitaji: fanksheni ilipokutana na jina ambalo haikulifafanua yenyewe, ilichukua maana iliyokuwapo kwa aliyeiita. Njia ya pili, iliyokuwamo katika Algol 60 na kushikwa na Gerald Sussman na Guy Steele walipounda Scheme mwaka 1975, ni skopu ya kileksika: jina huchukua maana ya mahali fanksheni ilikoandikwa, hata ikiitwa kutoka wapi. Lugha nyingi za leo zimeifuata njia hii ya pili. Sababu yake ni rahisi: chini ya njia ya kwanza, mwandishi hawezi kujua maandishi yake yatasema nini kesho, kwa kuwa maana yake imo mikononi mwa mtu ambaye bado hajamjua.

Ruby inalionyesha jambo hili vizuri katika konstanti, yaani majina ya thamani ambazo hazitarajiwi kubadilika, na katika moduli, yaani nyumba za kutunzia majina. Ikikutana na konstanti, Ruby huitafuta kwanza katika moduli ambamo mistari hiyo imeandikwa, kisha katika moduli inayoizunguka, na kuendelea kutoka nje ukuta baada ya ukuta. Isipoipata, hutazama ukoo wa klasi au moduli ile ya ndani kabisa, na mwisho uwanja wa wote.

Hapa pana jambo linalowashangaza wanafunzi wengi. Ninaweza kuandika moduli Ada ndani ya mwili wa moduli Chuo. Ninaweza pia kubaki nje na kuandika kwa mkato: Chuo::Ada. Moduli ni ile ile moja. Lakini kwa njia ya mkato, Ruby haihesabu kwamba mistari yangu imo ndani ya Chuo. Nimeitaja nyumba bila kupita mlangoni. Tuseme Chuo kina konstanti MUHULA yenye thamani ya wiki 17, na uwanja wa wote una MUHULA nyingine ya wiki 12. Mistari ya njia ya kwanza itapata 17, na ya njia ya pili itapata 12. Hakuna kosa litakaloripotiwa. Programu itaendelea kufanya hesabu, na hesabu zitakuwa za uongo.

Mfano huo sikuutunga hewani. Mwanafunzi mwenzangu alipanga chumba katika hosteli iliyo karibu na chuo, inayokaliwa na wanafunzi wa chuo peke yao. Mkataba ulisema amelipa kodi ya "muhula mmoja". Baada ya miezi mitatu mwenye hosteli alidai kodi mpya. Alisema muhula ni miezi mitatu, kama ilivyo katika shule za sekondari, ambazo hapa kwetu zina mihula mitatu kwa mwaka. Chuo kina mihula miwili, na ule wa kwanza ulikuwa bado haujaisha. Neno lilikuwa moja, na kila upande ulikuwa na kamusi ya kuutetea. Lakini wote wawili walijua, siku ya kutia sahihi, wanazungumzia muhula upi. Mwenye hosteli hakubadilisha hata herufi moja ya mkataba. Alichobadilisha ni nyumba ya kusomea. Mwenzangu alilipa, kwa kuwa mtihani ulikuwa karibu na hakuwa na pa kwenda.

Ndiyo maana ninasema swali hili ni la kimaadili. Maana ikimfuata mwitaji, humfuata mwenye nguvu, kwa sababu mara nyingi mwenye nguvu ndiye anayeamua siku ya kuita. Aliyeahidiwa hubaki ameshika karatasi ambayo maneno yake yanahama. Ahadi ni deni, na deni ambalo mmoja wa wahusika anaweza kulipima upya peke yake halina tena maana ya deni.

Hata serikali hulijua hili. Shilingi ilikuwa jina la uwanja wa wote katika Afrika Mashariki hadi mwaka 1966, Uganda, Kenya na Tanzania zilipoanza kutoa kila moja sarafu yake. Leo shilingi moja ya Kenya hununua zaidi ya shilingi 20 za Uganda. Mkopo ulioandikwa Kampala kwa "shilingi" hauwezi kudaiwa Nairobi kwa shilingi za huko, na mdai anayejaribu kufanya hivyo tutamwita mwizi, hata kama amelisoma neno jinsi lilivyoandikwa.

Je, basi mahali pa kuita hapana haki yoyote? Hapana, panayo. Wahenga wametuachia methali mbili zinazovutana: mwacha mila ni mtumwa, na ukienda kwa wenye chongo, fumba jicho lako. Ruby inazikubali zote mbili, kila moja mahali pake. Konstanti husomwa kwa mahali zilikoandikwa, lakini methodi hujibiwa na objekti inayopokea ujumbe. Ukiziambia objekti mbili "salimu", kila moja itasalimu kwa namna yake. Nadhani maisha nayo yako hivyo. Niliyeahidi kumheshimu mgeni nitaitimiza ahadi hiyo kwa adabu za mgeni mwenyewe. Namna ya kutenda humfuata anayetendewa. Lile nililoahidi halihami.

Pingamizi zito zaidi ni hili: itakuwaje mahali neno lilikoandikwa palikuwa pa dhuluma? Tangazo la Uhuru la Marekani la mwaka 1776 lilisema watu wote wameumbwa sawa, ilhali miongoni mwa waliolitia sahihi walikuwamo wenye watumwa. Je, tusome "watu" kwa maana yao? Ninajibu kwamba kusoma kwa uaminifu ni kuelewa, na kuelewa hakutulazimishi kutii. Tukiijua maana ya zamani kama ilivyokuwa, ndipo tunapoweza kuikataa waziwazi na kuandika nyingine, kama Marekani ilivyofanya mwaka 1865 ilipopiga marufuku utumwa kwa Marekebisho ya 13 ya katiba yake. Marekebisho hayo yana tarehe na maneno yake, na kila mtu anaweza kuyasoma. Mwenye hosteli hakuandika kitu.

Ruby haimkatazi mtu kuibadilisha konstanti. Ukiipa thamani mpya itakubali, lakini itatoa onyo kwamba jina hilo lilikwisha kupewa thamani. Sidai zaidi ya hapo kwa mikataba yetu, kwa katiba zetu na kwa ahadi tunazopeana. Maana ya neno ikihitaji kubadilika, ibadilishwe mbele ya wale waliolitegemea, nao wapewe nafasi ya kukubali au kukataa.