Je, Mlinzi wa Wizi Hulinda?



Mtu akishajenga nyumba na kutia mlango, jambo la kwanza analolifikiri ni nani atakayeshika ufunguo. Hawezi kumpa mpita njia. Lakini katika nyumba zetu nyingi leo, hapa Morogoro Mjini kama huko Tanga na Unguja, mna kompyuta yenye vyeti vya watoto, namba za vitambulisho, picha za harusi na hesabu za watu, na ufunguo wake tumempa tusiyemjua. Naye ni ile programu ya kuzuia virusi.

Programu hiyo si kama kufuli linalokaa nje ya mlango. Ili ifanye kazi yake, haina budi kulifungua kila faili na kukitazama kila kinachoingia na kutoka. Ni mlinzi aingiaye hata chumba cha kulala bila ya kupiga hodi. Na sisi katika Sura An-Nuur, aya ya 27, tumefunzwa adabu ya kuomba idhini mlangoni, na katika Al-Hujuraat, aya ya 12, tumekatazwa kupelelezana. Basi kabla ya kuuliza mlinzi huyu ana nguvu kiasi gani, yatupasa tuulize: Je, ni mwaminifu? Na mimi nimempataje?

Nitaanza na hilo la pili, kwa kuwa ndilo lililonifika mwenyewe. Nilikuwa nikitunza katika kompyuta yangu hesabu za chama cha kuzikana cha mtaa wetu: nani katoa, nani anadaiwa, nani kafiwa akapewa nini. Virusi vilikuwa vikitusumbua, maana flashi ile ile unayoichomeka nyumbani ndiyo unayokwenda nayo steshenari kuchapa karatasi, na huko imepita mikono ya mji mzima. Fundi mmoja kijana akaniambia, "Mzee wangu, usipoteze fedha. Nitakuwekea ile ya kulipia, bure." Akaizima programu ya ulinzi iliyokuwamo, kwa kuwa isipozimwa ingeukataa huo "ufunguo" wake wa kuivunja ile ya kulipia. Nami nimekaa kitini namtazama! Tulimfunga kamba mlinzi tuliyekuwa naye ili tumpokee mlinzi wa wizi.

Hazikupita siku nyingi, mafaili yote yakakataa kufunguka. Ikatokea barua ya Kiingereza ikidai dola 980, au nusu yake, dola 490, nikiwaandikia ndani ya saa 72. Nusu hiyo tu ni zaidi ya shilingi milioni moja. Kirusi chenyewe chaitwa STOP/Djvu. Kilienea sana duniani mwaka 2019, na njia yake kubwa ni hizo hizo programu zilizovunjwa. Mwaka huo kampuni ya Emsisoft ilitoa dawa ya bure kwa aina zake za zamani. Yangu haikuwamo.

Wako watakaosema: "Kampuni hizo ni za matajiri wa ng'ambo, tena si Waislamu, wanapungukiwa na nini?" Hoja hii naisikia hata kwa watu wenye ndevu nyeupe. Usiku wa Hijra, Makureshi wakiwa wamekwisha kula njama ya kumwua, Mtume (S.A.W.) alimwacha Sayyidna Ali (R.A.) Makka ili awarudishie watu wa mji ule ule amana zao. Hakusema wao ni maadui, basi mali yao ni halali. Na wanavyuoni wa Majmaa ya Fiq'hi ya Kiislamu, walipokutana Kuwait mwezi wa Desemba 1988, waliamua kwamba haki za utunzi na uvumbuzi ni haki zinazohifadhiwa na sharia, wala haijuzu kuzivamia.

Na uaminifu wa mlinzi mwenyewe? Hapa bure nayo ina bei yake. Mwezi wa Februari 2024 serikali ya Marekani ilitangaza kuitoza kampuni ya Avast dola milioni 16.5, kwa kuwa habari za watu ilioahidi kuwalinda ziliuzwa kwa wengine: kurasa walizozifungua, ambazo huonyesha maradhi ya mtu, hali yake ya fedha, hata dini yake. Walioweka programu ile hawakuiba kitu. Waliibiwa na mlinzi.

Mwenye Windows aliyoipata kwa halali, Microsoft Defender imo ndani yake bila ya malipo mengine, na kwa nyumba nyingi yatosha, maadamu haizimwi na inapokea masahihisho yake. Windows 10 ilikoma kupewa masahihisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, basi aliye nayo asijidanganye. Asiyemudu kununua, iko Linux, ambayo wenyewe wameitoa kwa ridhaa yao. Na hesabu za watu ziwe na nakala nyingine mahali pengine, hata kama ni daftari la senti chache.

Daftari hilo mimi sikuwa nalo. Tulikaa jioni tatu barazani tukiandika upya kwa kukumbuka, kila mtu akitaja alichotoa. Watu wote walikuwa wapole kwangu. Lakini mjane mmoja anasema alilipa miezi minne, na mimi nakumbuka mitatu; nimeandika minne, na wa nne nimeulipa mimi.