Jumatano: Kazi ya Kuuguza Inapokoma

Soma Marko 15:40, 41. Luka 23:54–56 na Yohana 20:11–18. Wanawake hawa walifanya huduma gani kabla ya msalaba? Yesu alipokufa, walitaka kufanya nini tena?

Mariamu Magdalene na wenzake walimfuata Yesu tangu Galilaya, wakimhudumia kwa mali zao (Luka 8:1–3). Ijumaa jioni huduma hiyo ilikoma. Hata hivyo walitayarisha manukato, na siku ya kwanza ya juma Mariamu alifika kaburini giza lingalipo. Alipodhani anasema na mtunza bustani, aliomba aonyeshwe mwili ulikowekwa ili auchukue yeye mwenyewe. Bwana wake alikuwa amekufa, lakini mikono yake bado ilitaka kumhudumia.

Aliyemuuguza mzazi, mwenzi au mtoto kwa muda mrefu anaielewa hali hii. Maturubai ya msiba yameondolewa na wageni wamerudi makwao, lakini saa nane za usiku anaamka kwenda kumgeuza mgonjwa. Hakuna dozi ya kutoa wala uji wa kukoroga. Amempoteza mpendwa wake, na pia amepoteza kazi iliyojaza siku zake. Wengine huona nafuu kwamba mateso yamekwisha, kisha hujihukumu kwa nafuu hiyo.

Angalia jinsi Bwana alivyomtendea Mariamu. Kati ya maziko na alfajiri ile kulikuwa na Sabato. Wanawake waliweka manukato kando wakapumzika kama ilivyoamriwa, ingawa huzuni yao haikuwa imepungua. Kisha Yesu alimwuliza kwa nini analia. Hakumkemea kwa kulia. Halafu alimwita kwa jina lake. Ndipo akampa ujumbe wa kuwapelekea ndugu. Pumziko lilitangulia, akasikilizwa, akaitwa kwa jina, na kazi mpya ikaja mwisho. Mara nyingi sisi kanisani huanza na kazi, tukidhani aliyefiwa akipewa jukumu atasahau.

Ellen G. White alipitia njia hii. Mumewe, James, alipatwa na kiharusi mwaka 1865, naye akamuuguza kwa miezi mingi hadi akapata nguvu za kurudi kazini. James alipofariki Agosti 1881, mjane huyu alikuwa mgonjwa na mwenye huzuni nyingi. Mungu hakumwacha hapo. Baadaye alihudumu Ulaya na Australia, na kitabu chake kuhusu maisha ya Kristo kilichapishwa mwaka 1898, miaka 17 baada ya msiba ule.

Soma 1 Wathesalonike 4:13–18. Paulo hatukatazi kuhuzunika. Anatukataza kuhuzunika kama watu wasio na tumaini. Kwa kuwa wafu wamelala, yule uliyemuuguza hasikii maumivu, haoni kiu, wala hakulaumu kwamba hukumpeleka hospitali mapema zaidi. Zamu yako ya usiku imekwisha. Unaweza kulala, kwa maana atakayemwamsha ni Kristo.

Lakini tusichanganye mambo. Sonona ni ugonjwa, wala si ushahidi wa upungufu wa imani. Ikiwa kwa zaidi ya majuma mawili mtu hapati usingizi, hataki chakula, haoni furaha katika jambo lolote na anajiona hafai, apelekwe kwa daktari au mshauri nasaha. Akisema kwamba afadhali afe, asiachwe peke yake, na msaada utafutwe siku hiyo hiyo. Mungu alipomwimarisha Eliya aliyeomba kufa, alimpa usingizi, mkate na maji kabla ya kusema naye mlimani (1 Wafalme 19:4–8). Matibabu na maombi si maadui.

Fikiria washiriki wa darasa lenu la Shule ya Sabato. Ni nani aliyemaliza kuuguza mwaka huu? Nani alimtembelea baada ya mwezi wa kwanza wa msiba? Mnaweza kumfanyia nini juma hili ili apate kupumzika na kusikilizwa, kabla hamjampa kazi yoyote?