Goti Jipya na Mkono wa Mkandaji

Tumwite Mwalimu tu, maana kisa chake ni cha wengi. Ni mama mstaafu wa Tanga ambaye goti lake la kulia lilikuwa limesagika hadi mfupa ukasuguana na mfupa. Alipasuliwa Dar es Salaam, akawekewa goti la chuma na plastiki, na siku chache baadaye akapanda basi kurudi nyumbani, safari ya kilomita 350 hivi, mguu ukiwa umening'inia muda wote. Hospitali ilimpa karatasi ya mazoezi, dawa za maumivu, na vidonge vya mwezi mzima vya kuzuia damu isigande. Habari ya kukandwa haikuandikwa popote kwenye karatasi ile, na lawama ya kwanza naiweka hapo. Daktari gani wa pwani asiyejua kwamba mgonjwa akifika nyumbani mtu ataitwa kumkanda?

Mwalimu alikuwa na haraka yake. Ramadhani ilikaribia, naye aliona haya kuswali tarawehe juu ya kiti mbele ya wanawake aliowafundisha kusoma. Hakuambiwa kabla ya upasuaji kwamba goti bandia mara nyingi huishia kukunjika digrii 110 au 120, na kwamba kikao cha atahiyatu kinadai zaidi ya hapo. Angeambiwa, nadhani angekubali kiti mapema. Aliachwa akiamini kuwa goti zito ni goti lisilokandwa vya kutosha.

Siku ya kumi wifi yake akamleta Bibi mkandaji. Bibi huyu si tapeli. Wazazi waliotoka kujifungua na wavuvi waliokaza migongo wote wamepita mikononi mwake, wakainuka. Alipasha mafuta ya nazi yenye karafuu, akachovya kitambaa kwenye maji ya moto, akaanza. Nyuzi zilikuwa bado hazijatolewa. Kidonda kisichofunga hakipaswi kupakwa mafuta, kwa sababu vijidudu vikipenya hadi kwenye chuma hung'ang'ania pale na kujijengea utando ambao dawa hushindwa kuupenya. Mgonjwa huweza kurudishwa chumba cha upasuaji. Na ngozi ya upande wa nje wa mshono mara nyingi hubaki na ganzi, kwani mishipa midogo ya fahamu hukatwa wakati wa kupasua. Kitambaa cha moto huweza kuiunguza ngozi hiyo na mwenyewe asihisi. Kwa bahati, Mwalimu aliepuka yote mawili.

Wiki ya tatu kigimbi kikaanza kuvimba. Kilikuwa cha moto, na kilimuuma hata akiwa amelala na mguu umeinuliwa juu ya mto. Mguu wote huvimba baada ya upasuaji huu, pengine kwa miezi, ndiyo maana nyumbani hakuna aliyeshtuka. Maumivu ya goti yalikuwa yamepungua, kwa hiyo Mwalimu alikuwa ameacha vidonge vyote, pamoja na vile vya damu, akidhani kazi yake ni moja.

"Wifi, huo mguu umebeba maji," wifi akasema. Bibi akabonyeza, akaafiki kwamba mshipa umekaza, akakikanda kigimbi kwa nguvu kutoka kisigino kwenda juu.

Alfajiri, Mwalimu akiinuka kwenda kutawadha, pumzi ilimkatika na kifua kikamchoma kila alipovuta hewa. Hospitalini walikuta damu imeganda kwenye mshipa wa ndani wa mguu, na kipande kimefika kwenye mapafu. Rudolf Virchow wa Berlin alieleza njia hiyo tangu katikati ya karne ya 19: bonge huanzia mguuni, hukatika, damu hulibeba hadi kifuani. Sababu zinazotajwa kwa jina lake ni tatu, nazo ni damu kwenda polepole, mshipa kuumia, na damu yenyewe kuwa tayari kuganda. Mguu uliobadilishwa goti huwa na zote tatu kwa wiki kadhaa. Hakuna anayeweza kuapa kwamba ni mkono wa Bibi uliokibandua kipande kile. Mabonge hukatika yenyewe pia. Lakini kigimbi cha namna ile hakikandwi. Hupelekwa kupimwa siku hiyohiyo.

Mwalimu alipona. Bibi alikuja kumwona wodini, akauliza jambo moja tu: "Mbona hamkuniambia kuna dawa ya damu?" Hakuna aliyekuwa na jibu.

Swali hilo lilimfikia mtaalamu wa mazoezi ya viungo, kijana mwenye adabu, naye akafanya jambo ambalo ningependa lifanywe kila wilaya. Akamwamkia Bibi, akamkaribisha aje siku za mazoezi. Alimwonyesha kwamba uvimbe hutaka mguso mwepesi unaovuta ngozi kuelekea pajani, mguu ukiwa juu, na kwamba mgonjwa akiwa bado anameza dawa ya damu mkono mzito humwachia damu iliyovilia chini ya ngozi. Kidonda kilipofunga kabisa, bila gamba wala unyevu, walianza kovu: vidole viwili vikiisogeza ngozi kwa mizunguko midogo, dakika chache kila siku, isije ikashikamana na nyama ya chini. Pia ya goti waliisukuma juu, chini na pembeni, mguu ukiwa umenyooka na umelegea. Misuli ya paja ndiyo iliyopata nguvu za Bibi, na hapo kijana mwenyewe alikiri hamfikii.

Mara baada ya kukandwa Mwalimu alikunja na kunyoosha mwenyewe, kwa sababu ulaini wa mkono hupotea upesi usipofuatwa na mazoezi. Hakuna aliyelikalia goti lile kulilazimisha. Kano iliyo chini ya pia huweza kukatika. Goti likigoma kabisa, madaktari hulikunja mgonjwa akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi, na hupenda kufanya hivyo mapema, ndani ya miezi mitatu ya kwanza.

Ngazi hudai zaidi ya digrii 80, na kuinuka kitini zaidi ya 90. Mwalimu alivivuka vyote viwili. Tarawehe aliswali juu ya kiti, safu ya mbele.

Bibi bado anaitwa. Kabla ya kufungua chupa huuliza nyuzi zimetolewa lini, mgonjwa anameza dawa gani, na kigimbi kinauma au la. Wakimjibu kwamba kinauma, huwaambia waite bajaji, naye hupanda pamoja nao hadi hospitali.